Kijiji cha Gazi: Bahari, Mikoko na Daftari la Hesabu

(Hotuba ya mkaguzi wa vyama vya ushirika mbele ya wajumbe wa vyama wanachama)



Nimetakiwa leo nizungumze juu ya kijiji cha Gazi kilichoko katika Kaunti ya Kwale. Baadhi yenu mnakijua kijiji hicho kuliko mimi, kwa kuwa mna wajomba na mashemeji huko, nanyi nawaomba mniwie radhi nikiyataja mambo mliyoyajua tangu utotoni.

Sababu ya kuchaguliwa Gazi ni hii. Katika miaka hii ya karibuni vyama vyetu kadhaa, vya wavuvi na vya wakulima wa minazi, vimejiwa na wageni wenye karatasi. Wageni hao husema kwamba wanataka kununua kaboni. Chama kimoja kiliniletea mkataba wenye kurasa nyingi, kikaniuliza swali fupi: Je, tukiweka saini hapa, tumeuza ardhi yetu au hatukuiuza? Swali hilo halijibiwi kwa neno moja. Lakini watu wa Gazi wameishi nalo tangu mwaka 2013, na mwenye kutaka kujua kina cha maji humuuliza aliyekwisha kuvuka. Nitaanza na mahali penyewe na historia yake, maana mkataba wowote wa mali ya asili usomwao bila kujua mali hiyo imekaaje na imepitia mikononi mwa nani, ni karatasi tupu.

Gazi iko kusini ya Mombasa, takriban kilomita 55, karibu na barabara kuu iendayo Lungalunga. Kijiji kimekaa ukingoni mwa ghuba. Upande wa mashariki ghuba hiyo imekingwa na rasi ya Chale, na upande wa kusini upo mwamba wa matumbawe unaovunja mawimbi kabla hayajaingia ndani. Kwa hiyo hata kusi inapovuma kwa nguvu, na wavuvi wa sehemu nyingine wamevuta vyombo vyao pwani, ndani ya ghuba ya Gazi mtu mwenye mtumbwi mdogo aweza kupata kitoweo. Mito miwili huingia humo: Kidogoweni upande wa kaskazini, na Mkurumuji upande wa kusini-magharibi. Mkurumuji hutoka vilima vya Shimba na huleta maji baridi pamoja na tope, na juu ya tope hilo imeota mikoko, ambayo eneo lake lote katika ghuba hiyo hukadiriwa kuwa zaidi ya hekta 600.

Hapa yafaa nitaje jambo ambalo wengi husahau. Tope ni riziki ya mikoko, lakini tope likizidi huiua, kwa kuwa huziba mizizi inayopumulia. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi sana katika hori ya Mwache huko Mombasa, na mikoko mingi huko ikafa ikiwa imesimama. Basi mwenye kulinda mikoko ya Gazi hana budi kutazama pia nini kinatendeka juu, kwenye mashamba ya miwa na kwenye bwawa lililojengwa katika mto Mkurumuji kwa ajili ya mgodi wa titani uliofanya kazi Kwale hadi Desemba 2024. Mto haujui mipaka ya kijiji.

Watu wa mjini husema mikoko kana kwamba ni mti mmoja. Wenyeji huipambanua. Mlilana husimama mbele kabisa, miguu yake baharini, na vipumulio vyake wavuvi huvikata wakavifanya maboya ya nyavu. Nyuma yake hufuata mkoko wenyewe, wenye mizizi iliyopinda kama mbavu za jahazi, ambao ndio utoao boriti na nguzo. Kisha muia. Kisha mkandaa, mti wa fito na pau, na ambao kuni zake huwaka hata zikiwa mbichi. Mchu huweza kukaa mbele na huweza kukaa nyuma karibu na nchi kavu, nao kwa miaka mingi ndio uliochomea chokaa. Mkomafi hufaa kwa samani. Msikundazi ni wa kutafuta kwa taa siku hizi. Ulikuwa ukitolewa milingoti. Katika Kenya nzima aina za mikoko ni 9, na Gazi inazo karibu zote. Majina haya nayataja kwa makusudi, kwa maana katika mkataba ule niliosema, miti yote iliandikwa kwa neno moja tu, na mtu asiyeyajua majina ya mali yake hataweza kuihesabu.

Ama kuhusu watu, wengi wa wenyeji wa Gazi ni Wadigo, pamoja nao Waswahili, Washirazi, watu wenye asili ya Kiarabu, na wengine waliofuata kazi kutoka bara. Dini yao ni Uislamu, na kalenda ya kijiji hufuata vitu viwili: mwezi wa sala na mwezi wa maji, yaani bamvua na maji mafu. Karibu nao upo msitu wa Kaya Kinondo, mmoja wa misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Wazee wa kaya walikuwa na sheria ya kutokata mti kabla ya serikali yoyote kuandika sheria ya misitu. Nami nadhani hili lilirahisisha kazi iliyofuata, ingawa waandishi wa ripoti huliandika kwa mstari mmoja tu.

Jina la Gazi liliingia katika vitabu vya historia kwa ajili ya Wamazrui. Ukoo huo ulitawala Mombasa mpaka mwaka 1837, Sayyid Said alipouondoa. Sehemu moja ikaenda kaskazini ikakaa Takaungu, na sehemu nyingine ikaja kusini ikakaa Gazi. Mkuu wa Gazi aliyejulikana zaidi ni Sheikh Mbaruk bin Rashid, mtu aliyepigana na Masultani wa Zanzibar mara kwa mara kwa miaka mingi, akishindwa hukimbilia bara, wakichoka hurejea. Mwaka 1895 liwali wa Takaungu alifariki dunia, na Kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala pwani ikamkubali mrithi mmoja na kumwacha mwingine aliyekuwa mkubwa kwa umri. Huyo aliyeachwa naye aliitwa Mbaruk bin Rashid, jina lile lile la ami yake wa Gazi, jambo ambalo limewachanganya wasomaji wengi. Alikimbilia Gazi kwa ami yake, na vita vikaenea pwani yote. Mwezi wa Agosti 1895 majeshi ya majini ya Waingereza chini ya Admirali Rawson yaliiteka ngome ya Mwele, na Waingereza wakalazimika kuleta askari kutoka Bara Hindi. Mwezi wa Aprili 1896 Sheikh Mbaruk alivuka mpaka, akajisalimisha kwa Wajerumani, naye akafa Dar es Salaam mwaka 1910. Nyumba yake ya Gazi ilipata kutumika kama shule.

Sheikh huyo wengine humsifu kuwa shujaa aliyepinga ukoloni, na wengine humkumbuka kuwa mtawala mkali mwenye watumwa. Yote mawili yana ushahidi wake, wala si kazi yangu kuyapatanisha. Ninalotaka mlitazame ni jinsi mambo ya Gazi yalivyoamuliwa katika miaka ile: na Sultani, na Kampuni, na Sheikh, na serikali ya Kiingereza. Mkulima wa minazi na mvuvi hakuulizwa. Kisha mwaka 1932 serikali ya kikoloni ilitangaza misitu yote ya mikoko ya pwani kuwa mali ya serikali, na hapo pia hakuulizwa. Mpaka leo mikoko ya Kenya ni msitu wa umma. Mtu wa Gazi aweza kuwa amezaliwa hatua 100 kutoka mkandaani, na babu yake amezikwa hapo, na bado mti ule kisheria si wake. Lishikeni jambo hili, kwa kuwa litarejea tutakapofika kwenye mikataba.

Liko jambo jingine la mila ambalo ni la manufaa kwetu sisi wa ushirika. Pwani, mnazi na ardhi ni mali mbili. Mtu aweza kumiliki minazi katika shamba ambalo ardhi yake ni ya mwingine. Aweza kuirithi, kuiuza, au kuiweka rehani mpaka deni lilipwe, na ardhi isiguswe. Wageni kutoka bara, ambao kwao aliye na ardhi ndiye aliye na kila kiotacho juu yake, hustaajabu sana. Makarani wa mahakama wamepata taabu kubwa kwa ajili ya mila hii. Lakini faida yake ni kwamba mzee wa Kidigo, hata asiyesoma, huelewa upesi kuliko mwanasheria kwamba mtu aweza kuuza kitu kimoja kilichomo shambani na asiuze shamba. Tatizo lake ni la namna nyingine: kaboni si nazi. Haianguki, haichumwi, haipimwi kwa pishi wala kwa ratili.

Kabla ya kaboni, natamani tuutazame uvuvi, maana ndio kazi ya wengi na ndio unaojaza madaftari yetu malalamiko.

Mwaka wa mvuvi wa Gazi ni kaskazi na kusi. Wakati wa kaskazi, tangu Novemba mpaka Machi, bahari hutulia, wavuvi hutoka nje ya mwamba, na wavuvi wa dago kutoka Pemba huja na kupiga kambi. Wakati wa kusi wengi hubaki ndani ya ghuba kwenye nyasi za bahari, wakivua tasi, pono, changu na mkundaji kwa malema na mishipi. Wake kwa waume huokota kome, kaa na pweza maji yakipwa. Samaki wakifika pwani, hugawanywa mafungu: fungu la chombo, fungu la wavu, na mafungu ya mabaharia. Ni utaratibu wa zamani, na wa haki kwa kiasi chake, kwa sababu mwenye jasho na mwenye chombo wote hupata, na bahari ikikataa wote hukosa.

Haki hiyo huishia pale samaki anapopandishwa mzani. Mvuvi asiye na wavu hukopeshwa wavu na tajiri. Asiye na unga nyumbani wakati wa kusi hukopeshwa unga na tajiri yule yule. Hakuna riba inayoandikwa. Lakini samaki wote lazima wauzwe kwake, kwa bei aitakayo yeye, na kwa mzani wake. Niliwahi kukagua chama kimoja cha wavuvi, ambacho sitakitaja, nikakuta wanachama wanaleta chamani samaki wadogo tu. Wakubwa walikuwa wameahidiwa tajiri tangu mwaka uliotangulia. Kamati ililaumu uvivu wa wanachama. Nilipofungua kitabu cha mikopo cha chama nilikuta hakuna mkopo hata mmoja uliotolewa katika miezi ya kusi, miezi ambayo mvuvi huhitaji mkopo kuliko miezi yote. Chama kilikuwa kikikopesha wakati wa kaskazi, wavuvi wakiwa na fedha zao. Sikuandika neno uvivu katika ripoti yangu.

Wanawake wa Gazi husuka makuti, hukaanga samaki na kuwauza, nao ndio wajulikanao pwani yetu kwa jina la mama karanga. Kikundi chao kimejenga njia ya mbao ipitayo juu ya maji ndani ya mikoko, yenye urefu wa takriban mita 300, ambayo wageni hulipa kiingilio kupita, na wakitaka chakula hupikiwa wali wa nazi na samaki. Biashara hiyo ni ndogo, lakini ni ya fedha taslimu, na aliyeingiza fedha huonekana.

Sasa nije kwenye mikoko. Kwa karne nyingi boriti za pwani ya Afrika Mashariki zilipakiwa majahazini kwenda Arabuni na Ghuba ya Uajemi, ambako hakuna miti ya kuezekea. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982. Lakini Gazi ilikuwa imekwisha kuumizwa na jambo la karibu zaidi: katika miaka ya 1970 mikoko ilikatwa kwa wingi sana kuwa kuni za viwanda, kwa matanuri ya chokaa na ya matofali. Sehemu zilizokatwa pasipo kuacha miti ya mbegu hazikuota tena. Mchanga ulihama, kivuli kikatoweka, na wavuvi wakaona mazalia ya kamba na kaa yamepungua. Hilo liliwafanya wasikilize mwaka 1991, wataalamu wa taasisi ya utafiti wa bahari ya KMFRI, akiwemo Dkt. James Kairo, walipokuja kujaribu kupanda mikoko upya. Wanakijiji walifanya kazi ya kukusanya mbegu na kupanda. Baadhi ya mashamba hayo leo yamekuwa msitu ambao mtu akiingia haoni nje.

Mwaka 2013 ndipo ulipoanza mradi wa Mikoko Pamoja, wa vijiji viwili, Gazi na jirani yake Makongeni. Eneo la mradi ni hekta 117, kwa hiyo halifiki hata sehemu moja kwa tano ya mikoko ya ghuba. Sehemu kubwa ni msitu wa asili na sehemu ndogo ni ile iliyopandwa. Wengi husema kuwa ulikuwa mradi wa kwanza duniani wa jamii ya wanakijiji kuuza kaboni ya mikoko. Mwaka 2017 ulipewa tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa.

Wajumbe wengi wameniuliza: kinachouzwa ni nini hasa? Nitajaribu kueleza kama nilivyoelewa. Mti hula hewa ya ukaa na kuigeuza kuwa mbao, majani na mizizi. Mti wa bara ukianguka huoza, na hewa ile hurudi angani. Lakini tope la mikoko halina hewa ndani yake, kwa hiyo mizizi na majani yaliyozikwa humo huoza polepole mno, na kaboni hukaa kwa mamia ya miaka. Ndiyo sababu hekta moja ya mikoko huweza kuhifadhi kaboni mara kadhaa kuliko hekta ya msitu wa nchi kavu. Wapimaji huweka viwanja vya mfano, hupima unene wa kila mti kwa utepe, kisha hukadiria msitu ungekuwaje kama usingelindwa. Tofauti baina ya msitu uliolindwa na ule uliokadiriwa kuharibika ndiyo bidhaa. Kwa Gazi tofauti hiyo ilikadiriwa kuwa takriban tani 3,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka. Hati zake huthibitishwa na shirika la Plan Vivo, na mauzo huendeshwa na shirika la hisani la huko Scotland liitwalo ACES, kisha fedha huja kijijini. Wanunuzi ni makampuni na watu wanaotaka kufidia moshi wanaoutoa wao.

Mwaona basi kwamba kinachouzwa si mti, wala si ardhi, wala si hata hewa yenyewe. Kinachouzwa ni ahadi: ya kwamba msitu huu hautakatwa kwa muda wa miaka 20. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa kwanza wa mradi atakuwa mtu mzima kabla ahadi haijaisha. Nami kama mkaguzi nasema wazi kwamba ahadi ya miaka 20 ni deni, hata kama mizania hailionyeshi. Na walioanza kulilipa ni wale waliokuwa wakikata boriti na kuni kwa riziki yao. Mradi ulipanda mivinje ili watu wapate nguzo na kuni mahali pengine, nayo ni hatua nzuri. Lakini mvinje huchukua miaka kukua, na chungu hupikwa leo. Wizi wa miti haujakwisha, kwa hiyo walinzi wa kijiji bado wanahitajika, nao wanahitaji kulipwa.

Tuje kwenye fedha. Katika miaka ya kwanza mradi ulipata takriban dola 12,000 hadi 15,000 kwa mwaka. Vijiji hivyo viwili vina watu zaidi ya 5,000. Mwanachama anayependa gawio na afanye hesabu: kila mtu angepata chini ya dola 3 kwa mwaka, ambazo zingekwisha dukani siku ile ile. Watu wa Gazi na Makongeni walikutana barazani wakaamua kutogawana. Fedha zikaenda kwenye maji ya bomba na kwenye vitabu na majengo ya shule. Mwenye kuchota maji hahitaji kusomewa hesabu ili ajue fedha zilikwenda wapi.

Yatupasa tukubali kwamba Mikoko Pamoja si chama cha ushirika kilichoandikishwa chini ya sheria yetu. Ni shirika la kijamii. Lakini mpangilio wake unafanana na wetu kwa mambo ya msingi: kamati huchaguliwa na wanakijiji, matumizi huamuliwa barazani, na anayeuza bidhaa siye anayeamua matumizi. Hilo la mwisho nalipenda kuliko yote. Katika vyama vyetu vingi mtu mmoja huuza korosho, hupokea hundi, hutunza kitabu na huitisha mkutano. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari likikaa nyumbani kwa mtu mmoja habari yenyewe huwa ni ya mtu mmoja.

Sasa nijibu swali la yule katibu. Jibu linategemea ardhi ni ya nani. Ikiwa ni mikoko, msitu ni wa umma, na chama hakiwezi kuuza kisicho chake. Gazi waliweza kwa sababu Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliruhusu jamii, kupitia chama cha jamii cha msitu, kufanya makubaliano na idara ya misitu juu ya kushiriki kuutunza na kunufaika nao. Sheria ya mwaka 2016 iliyofuata imeendeleza utaratibu huo. Makubaliano hayo yalitangulia, kaboni ikafuata. Mgeni akija na mkataba wa kaboni wa mikoko, na hakuna makubaliano na idara, basi anauza au ananunua kitu ambacho nyote wawili hamnacho. Ikiwa ni shamba la minazi la wanachama, huuzi ardhi, lakini unaifunga: huwezi kung'oa, kulima vingine, wala pengine kumgawia mwanao, mpaka muda uishe. Na pale ambapo minazi ni ya mtu mmoja na ardhi ni ya mwingine, kama nilivyoeleza, saini inayotakiwa ni ya nani? Mkataba nilioletewa haukusema neno juu ya jambo hilo. Aliyeuandika hakujua kama mali hizo ni mbili.

Jambo la pili ni la asilimia. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilirekebishwa mwaka 2023, na kanuni za masoko ya kaboni zikatolewa mwaka 2024. Sheria inataka kuwe na mkataba wa maendeleo ya jamii ulioandikishwa, na kwa miradi ya ardhini jamii ipewe kila mwaka angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, baada ya kuondolewa gharama za uendeshaji. Wajumbe wengi husikia asilimia 40 wakafurahi. Nami nawaomba myasikie maneno yanayofuata. Tuseme kwa mfano kaboni imeuzwa kwa shilingi 100. Ikiwa gharama ni shilingi 20, zimebaki 80, na fungu lenu ni 32. Ikiwa gharama ni shilingi 70, zimebaki 30, na fungu lenu ni 12. Sheria haikuvunjwa popote. Kwa hiyo kamati itakayoulizia asilimia na isiulizie gharama imeulizia mkia na kumwacha samaki. Chama kidai, kabla ya saini, haki ya kuyaona madaftari ya gharama, na haki ya kuleta mkaguzi wake. Mwenye kukataa hilo mwacheni aende zake, maana mikoko imengoja karne nyingi na yaweza kungoja mnunuzi mwingine.

Mkataba uletwe kwa lugha wanachama wanayoisoma, usomwe wote katika mkutano mkuu, na si katika kamati peke yake. Na kura zake ziandikwe kwa hesabu, waliokubali na waliokataa. Nimeona kumbukumbu za mikutano zilizoandikwa "wote walikubali", na nilipowauliza wanachama wawili watatu njiani hawakukumbuka kuulizwa.

Sitaki mwondoke mkidhani ya kwamba Gazi ni pepo. Bei ya kaboni hupanda na kushuka, na hupangwa na watu walio mbali sana na Kwale. Tajiri wa samaki bado yupo na mzani wake. Hekta 117 haziwezi kulisha vijiji viwili, wala hakuna mtu wa Gazi aliyeacha bahari kwa ajili yake. Lakini wengine wameona inafaa kufuata: Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania, pamoja na majirani zake, walianza mradi kama huo mwaka 2019, kwa hekta 460. Vijiji hivyo ni vya wavuvi kama sisi, na karibu nao wapo wanachama wa vyama vyetu, ambao wanaweza kuulizwa kwa gharama ya nauli tu.

Bwana Mwenyekiti, katibu amenijulisha kwamba vyama vitatu vimekwisha kuomba kwenda Gazi kujionea. Nashauri waende siku za bamvua, wafike mapema maji yakiwa yamejaa, wapite kwanza njia ya mbao ya akina mama, kisha wangoje maji yapwe ndipo waingie kuvitazama viwanja vya kupimia. Wavae viatu vya kufunga, kwa sababu tope la mikandaani huvua makubadhi, na vipumulio vya mchu huchoma nyayo. Nauli na kiingilio viandikwe katika fungu la elimu, na stakabadhi zake ziletwe ofisini kabla ya mwisho wa mwezi.